Tuendelee na Kipepeo

Mwalimu wetu alikuwa anaogopa kinyonga. Naanza na hilo kwa sababu najua hangependa nianze nalo. Nimeuandika mwanzo huu nikaufuta, nikaanza na sauti yake, nikafuta, nikaanza na maarifa yake, na kila mara nilihisi ninamsaidia. Sitaki kumsaidia. Basi, alikuwa anaogopa kinyonga.

Angeweza kuzungumza juu ya macho ya kinyonga hadi jua lihame kutoka upande mmoja wa paa la kanisa hadi mwingine: jinsi jicho moja linavyotazama mbele na lingine nyuma, jinsi ulimi unavyoruka mrefu kuliko mwili wenyewe. Sisi watoto wa Jumamosi tulikaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, hapa Mutuini, midomo wazi. Lakini mnyama mwenyewe alishikwa na Mutua, mmoja wetu. Mwalimu alisimama mbali na kijiti kirefu, akionyesha. Mutua akisogea hatua mbele, Mwalimu anarudi hatua nyuma.

"Mutua, kaa hapo hapo na huyo mnyama."

"Lakini Mwalimu, si ulisema ni kazi ya Mungu?"

"Ni kazi ya Mungu. Wacha ikae huko."

Tulicheka hadi tukaanguka, naye akacheka pamoja nasi, akijifuta jasho la shingo kwa leso iliyopigwa pasi. Ndivyo alivyokuwa. Alijua kumpa mtoto kicheko kabla hajampa somo, ili somo liingie mlango ukiwa wazi. Hilo nalo sitaki kulisema, lakini nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sahihi.

Hakuwa mwalimu wa shule. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Jumamosi alivaa suti ileile ya ofisini, tai ikiwa imefungwa hadi juu, na miguuni gambuti za mpira. Hivyo ndivyo alivyotupeleka mtoni na kwenye mashamba ya majani ya napia, suti juu, gambuti chini, nasi nyuma yake kama vifaranga. Mtu akimuuliza kwa nini avae suti kwenda kutazama vyura, alisema, "Unaenda kuona kazi za Mfalme, utaendaje na fulana?"

Alikuwa na msemo wake: "Fundi wangu hana kazi mbovu." Aliusema juu ya utando wa buibui, juu ya mbegu ya mbaazi, juu ya kobe. Siku moja alitupeleka katikati ya jiji, tukasimama chini ya miti ya kando ya barabara kuu wanakotaga wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko unaoning'inia shingoni. Watu wa mji walipita wakituangalia kama wendawazimu. Yeye alikuwa ameinua uso, akihubiri jinsi kipara chenyewe kinavyomsaidia ndege anayeingiza kichwa kwenye uchafu, na ndipo kinyesi cheupe kilipomshukia begani, kikashuka hadi mfukoni.

Mutua akauliza: "Mwalimu, na hiyo nayo?"

Alikitazama. "Hiyo ni mbolea," akasema. "Fundi wangu hana kazi mbovu."

Na kila somo alilimaliza kwa namna moja. Alinyamaza, akainua kidole, akauliza, "Tuseme nini?" Nasi wote, kwa sauti ya kupasua mawingu: "Ajabu!" Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya neno hilo. Tukilisema kwa ulegevu alirudia, "Tuseme nini?", hadi lipatikane la kutosha.

Mkewe alikuwa mwanamke mkubwa wa kicheko kikubwa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kanisa, na baada ya somo alitupa chai ya maziwa na mandazi, akiwaita wasichana wote "mami." Mwalimu alitukataza kukanyaga hata siafu. Mkewe alikuwa na kopo la dawa ya kunyunyizia wadudu karibu na jiko. "Huyu mwanamume wenu anawahubiria mende," alituambia, "lakini mimi ndiye nawazika." Akinyunyiza, Mwalimu alitoka nje akasimama akitazama barabara kana kwamba anamsubiri mgeni. Hakuna siku alimkataza. Hakuna siku alikubali kwamba ameona.

Ningekuwa mtu mwenye akili, ningejifunza kitu pale mlangoni. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kutoka nje.

Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda watu wa ukoo wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Hakutuambia jina la mdudu kwanza. "Tazama. Jina litakuja lenyewe." Ulitazama hadi uchoke, kisha uchoke kuchoka, na hapo ndipo mdudu alianza kufanya kazi yake kana kwamba hupo. Leo ninawatembeza watoto wa Karen, mtaa wa matajiri, kwenye bustani za wazazi wao kila Jumamosi, nawaonyesha wadudu, na maneno yanayonitoka mdomoni ni hayo hayo. Nimejaribu kuyabadilisha. Nimeshindwa kupata mengine mazuri kama hayo, na hilo linaniuma kama jino.

Sasa nieleze ushuhuda wa viumbe, maana bila huo hutaelewa.

Kanisani kwetu, kama kwingine, mtu husimama akasema: "Bwana asifiwe. Tena asifiwe. Naitwa fulani, nimeokoka," kisha anaeleza alivyotendewa. Mwalimu alichukua desturi hiyo akawapa wadudu. Kila mtoto alichagua kiumbe, akamtazama kwa majuma, kisha akasimama mbele akasema kwa niaba yake: "Bwana asifiwe. Mimi ni nyuki. Nina vikapu miguuni." Ilikuwa lazima useme *mimi*. Ukisema "nyuki ana vikapu," alikurudisha mwanzo. "Nyuki hana mdomo wa kusimulia," alisema. "Mkopeshe wako." Tulifanya hivyo Jumamosi, sisi kwa sisi. Watu wazima hawakuwahi kuona.

Mwaka huo baba yangu alianguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wanajenga kule Kileleshwa. Hakufa. Alirudishwa nyumbani akiwa kichwa na sauti tu. Kuanzia shingoni kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake. Mama alikuwa anauza mboga sokoni hadi jioni, kwa hiyo nikitoka shule mimi ndiye nilikaa naye.

Ukutani juu ya kitanda chake nyigu wa matope alianza kujenga. Nilitaka kumfukuza kwa ufagio.

"Mwache, Shiru," baba alisema. "Ako na kazi."

Tukawa tunamtazama pamoja. Alileta tonge la matope, akalipaka, akaenda, akarudi. Chumba kikiisha alileta buibui, mmoja baada ya mwingine, akawasukuma ndani, akataga, akaziba. Mwalimu alikuwa ametufundisha huyo: mama mwema anayemwekea mwanawe akiba ya chakula kabla hajazaliwa. Ajabu!

Kisha chumba kimoja kikadondoka chenyewe, kikapasukia sakafuni. Nikawakusanya buibui kwenye kifuniko cha mkebe, nikakisogeza karibu na uso wa baba ili naye aone. Nilidhani wamekufa. Tukatazama kama nilivyofundishwa, na mguu wa mmoja ukasogea. Kidogo sana. Tena ukasogea. Nyigu hawaui. Anawachoma hadi wasiweze kujitikisa, kisha anawafungia na yai, ili mwanawe akitoka apate nyama isiyooza. Buibui analiwa akiwa hai.

Baba alimtazama buibui yule muda mrefu. "Huyu yuko," akasema. "Mimi na yeye tunajuana." Alisema kwa utani. Baba yangu alikuwa mtu wa utani hata wakati ule.

Nikaamua kiumbe changu kitakuwa yeye. Sikuwa na nia ya kumpinga mtu. Niseme hili waziwazi, maana baadaye lilipotoshwa: nilikuwa na swali, na nilikuwa na mwalimu, na kwa akili yangu vitu hivyo viwili vilikuwa vimeumbwa kukutana.

Ilikuwa Jumapili ya watoto, na kwa mara ya kwanza Mwalimu alitaka kanisa zima liusikie ushuhuda wa viumbe. Hakutusikiliza kwanza, alituamini. Akasahau kuwaeleza watu wazima desturi yetu, au aliona haina haja. Nyuki alisimama, watu wakacheka na kupiga makofi. Chungu akasimama. Kisha mimi.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Tena asifiwe. Mimi ni buibui. Nimefungwa kwenye chumba cha matope. Siwezi kusogea lakini nasikia kila kitu. Kuna mtoto ananila polepole. Fundi wangu hana kazi mbovu. Naomba Mwalimu aniambie, mimi nami nisifu vipi?"

Hakuna aliyesema amina. Nilisikia benchi likilia. Mzee mmoja wa kanisa, mwanamume wa kufunga na kukemea mapepo, alikuwa amesimama, kidole kimeelekea kwangu.

"Hiyo si sauti ya mtoto," akasema. "Ndugu zangu, mnasikia? Kitu kinaongea ndani ya huyu msichana."

Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Mwingine akamvuta mwanawe magotini. Nami nikamgeukia Mwalimu bila hofu yoyote, maana ilihitajika sentensi moja tu: *Mimi ndiye nimewafundisha waseme hivyo.* Nyuki alikuwa amesema "mimi." Chungu alikuwa amesema "mimi." Sentensi moja, na watu wangecheka, na mzee angeketi.

Mwalimu alimtazama mzee. Akalitazama kanisa. Akachomoa leso yake.

"Keti chini, Shiru," akasema. "Tuendelee na kipepeo."

Mutua akasimama na mabawa yake ya karatasi.

Juma hilo wazee walikuja nyumbani. Walisema kitu hicho kina makao, na makao yake ni pale alipolala mgonjwa. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, angewafungia mlango vipi? Wakakizunguka kitanda. Wakakiona kiota ukutani, nyumba ya matope kama nilivyosema kanisani, na wakapata ushahidi wao. Mzee alichukua ufagio akakibomoa kwa mpini, udongo na buibui vikamwangukia baba usoni, na hakuwa na mkono wa kujipangusa. Walimkemea akiwa hivyo. "Toka! Mwachilie! Toka!" Nilipanda kitandani nikampangusa kwa kiganja, mtu akanivuta mguu.

Mwalimu alikuwepo. Alisimama karibu na mlango, Biblia mkononi, na viatu vya Jumapili. Kelele zilipopungua, baba alimtafuta kwa macho hadi akampata.

"Mwalimu," akasema, kwa ile sauti yake nyembamba, "si ni wewe uliwafundisha waongee hivyo?"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa nafasi ya pili, nzuri kuliko ya kwanza. Chumba kidogo, watu wachache.

"Tuombe," akasema Mwalimu, akafumba macho.

Baba alikufa kabla ya mvua za masika. Kwa miezi hiyo yote hakutaniana nami tena juu ya mdudu yeyote. Mara moja tu aliniuliza, usiku mvua ya vuli ikinyesha, au labda alijiuliza mwenyewe, "Na kama kweli ni mimi nimeleta kitu nyumbani?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa mtoto. Neno langu lilikuwa na uzito gani mbele ya wazee wenye tai?

Kanisani waliniita Buibui. Watoto hawakukaa benchi langu. Jumamosi sikurudi, na hakuna aliyetumwa kuniita.

Niliyoyajua baadaye nilijifunza peke yangu: kwenye maktaba mjini, kwenye vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilisoma kuhusu nyigu hadi nikaota nyigu. Watu wanasema hasira haijengi. Mimi imenijenga, chumba kwa chumba. Ninapowaandalia watoto somo, nalirudia hadi midomo inakauka, kwa sababu kuna mtu mmoja kichwani mwangu anayesikiliza akingoja nikosee, na anavaa gambuti. Nilikuwa nimepanga nitakavyomwambia siku tukikutana. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipiga msasa hadi ikang'aa.

Mwaka huu Mutua alisimamisha bodaboda yake mbele ya lango langu. Siku hizi ni mwanamume wa ndevu.

"Niaje, Shiru."

"Poa. Na leo umepotea huku?"

"Nimetumwa. Mwalimu anakutafuta. Ako Kileleshwa kwa binti yake. Mama hayuko poa."

"Mama nani?"

"Mama wa mandazi. Kiharusi kilimpiga kichwani, saa hii ni wa kulala tu. Haongei, hageuki. Anakuangalia tu." Akacheza na funguo. "Enda umwone, manze. Mzee ameisha."

"Wewe ulikuwa kipepeo," nikamwambia.

"Nini?"

"Hakuna. Nipeleke."

Niliingia ndani kwanza. Kwenye ukuta wa choo changu nyigu alikuwa ameziba chumba kipya. Nilikibandua kizima kwa kisu, nikakitia kwenye kopo. Hotuba yangu ilihitaji mfano wa kuonekana kwa macho.

Jengo lenyewe ni moja ya yale marefu yaliyojaa Kileleshwa sasa. Sikuangalia juu. Mlango ulifunguliwa na Mwalimu mwenyewe, amevaa fulana. Sikuwahi kumwona na fulana. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya kujipaka, maana alikuwa katikati ya kumkanda mkewe mgongo. Nilimsubiri amalize. Alimgeuza taratibu, mto huku, mto kule, akamfunika, akampangusa mate kwa leso iliyopigwa pasi. Yule mama alinitazama. Macho yalikuwa yaleyale. Yalinifuata nilipoketi, yakafuata kopo nilipoliweka mezani.

Mwalimu naye alilitazama kopo.

"Ni yule wa matope?" akauliza.

Hotuba yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya jambo moja, kwamba amesahau. Nilikuwa na maneno ya kumkumbusha. Sikuwa na ya mtu anayekumbuka.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilimtazama sana baada ya siku ile," akasema. "Nilivunja viota vingi. Mguu husogea. Ulisema kweli." Aliketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa mkewe usioshika. "Nilijua tangu ulipofungua mdomo kwamba umesema kweli. Niliogopa, mami."

Aliniita mami, kama mkewe alivyotuita zamani.

"Sasa namgeuza huyu mchana na usiku. Ananitazama. Najua anasikia. Nimemsomea zaburi zote, na nikifika mwisho naona bado ananingoja." Akaniinulia uso, na ulikuwa uso wa mtoto aliyekaa kwenye nyasi. "Wewe uliuliza ukiwa mdogo. Umesoma, umetazama miaka hii yote. Yule buibui. Ulipata jibu? Anasifu vipi?"

Ninalo jibu. Si kamili, lakini ninalo, na nimewahi kumpa mtoto wa Karen aliyelia kwa sababu ya panzi aliyeliwa na vunjajungu, naye akanyamaza. Lilinijia lote, zima, tayari. Nikamwona baba na udongo machoni.

"Keti chini, Mwalimu," nikasema, ingawa alikuwa ameketi. "Tuendelee na kipepeo."

Hakushtuka. Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu alichojua kiko njiani. Nilichukua kopo langu nikatoka.

Nilifurahi. Nimefuta sentensi hii na kuirudisha, na naiacha hapa kwa kuwa ni sahihi. Nilishuka ngazi chache nikiwa na furaha iliyonilazimu kusimama nishike ukuta. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Ndipo nikaisikia sauti yake, ile ya Jumamosi, ikimwambia mkewe habari za kipepeo.

Alianza na kiwavi. Akaeleza anavyojining'iniza, anavyojivua ngozi, anavyoyeyuka ndani ya ganda hadi ukimpasua utaona uji tu, na bado ndani ya uji huo kuna kitu kinachokumbuka. Nilisimama nikisubiri akosee. Ninalijua somo hilo kuliko yeye, nalifundisha. Hakukosea mahali popote. Lilikuwa somo zuri kuliko langu.

Kisha akanyamaza, nami nikajua kidole kimeinuka.

"Tuseme nini?" akauliza.

Hakuna sauti.

"Tuseme nini?"

Mlango ulikuwa wazi na ngazi zilikuwa kimya, ningenong'ona tu angesikia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, nikateremka.